Kanisa Lililovuka Barabara

Harufu ya maji ya betri na nta ya mishumaa ilijaa nyumbani kwetu Kisangani msimu mzima wa mvua, nilipokuwa na miaka tisa. Papa, mwalimu wa kuchora, alisoma katika kitabu kilichopungukiwa kurasa kwamba unaweza kuchora kwa sindano juu ya bamba la zinki lililopakwa nta, tindikali ikaila mistari, kisha ukapaka wino na kuchapa picha. Akaamua kuchora kanisa kuu la kando ya mto na barabara yake: miti, duka la dawa, na wanawake wanaochoma ndizi, tunazoziita makemba, ng'ambo ya kanisa. Mmoja wao alikuwa mama.

Kosa lake ni kumimina tindikali, yale maji ya betri, katika beseni la alumini la mama, lile la kubebea ndizi. Beseni likatoboka. Mama akaacha kusema naye, maneno yote yakapitia kwangu. "Aline, ambia papa yako chakula iko tayari," na papa amekaa hatua mbili tu. "Ambia mama yako, merci." Nilichoka, lakini zaidi niliogopa, maana mama alianza kuulizia mashua za kwenda kwao Isangi.

Papa akamchora mama mbele kabisa. Siku ya kuchapa alisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, akaibandua, akampa mama kwa mikono miwili, kisha akasimama kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi.

Mama aliitazama sana. Kibao cha duka la dawa kilisomeka kinyumenyume.

"Papa Aline," akasema, moja kwa moja, mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, "kanisa ilivuka barabara?"

Papa aliinama kukikagua kibao. Nadhani ukurasa wa kusema kwamba picha ikichapwa hugeuka, kulia ikawa kushoto, ndio uliopotea.

"Na huyu mwanamuke anageuza makemba na mukono ya kushoto. Ni mimi huyu?"

"Ni wewe. Donc, ni kusema... wewe ndani ya kioo."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Wiki nzima aliwaonyesha wateja picha ile, akigeuza ndizi kwa kushoto makusudi, akiunguza nusu yake. Habari za mashua zikaisha.

Siku hizi nalipiga kanisa lile picha kwa simu, pikipiki zimejaa mbele yake, kila kitu kiko upande wake. Nampelekea mama, ambaye amezeeka. "Iko bien, muzuri," anasema bila kucheka, na kunirudishia simu kabla sijamwonyesha ya pili.