Fundi Aliyejificha Nyuma ya Mikono Yake

Saa mbili na robo asubuhi, kibanda hakijafagiliwa lakini simu imeshaegemezwa kwenye kopo la mafuta. Mwanamke wa miaka thelathini na minne anafungua tumbo la cherehani iliyogoma, na watu mia tisa wanamtazama mubashara.

“Mshono unaruka kwa sababu sindano imewekwa kinyumenyume,” anawaambia. “Msiisingizie mashine ya watu.”

Mtandaoni anaitwa Mzee Mikono. Jina hilo hakujipa. Kwa miaka miwili alirekodi mikono tu, bila sauti, maana simu yake ya zamani ilikuwa hainasi sauti. Watazamaji wakaona vidole vinene vyenye makovu, wakajitungia mtu wao: mzee mpole, mjane, mstaafu wa kiwandani. Wakafikia hata kumwombea apone mgongo.

“Mgongo wangu mzima kabisa!” anacheka. “Ila wateja walipanda kutoka watatu kwa wiki hadi kumi na watano. Nikaogopa kuwanyang’anya mzee wao.”

Ndipo akaanza vituko. Mteja akimuulizia mzee, yeye anajibu, “Baba katoka, iache tu hapa.” Kazi anafanya yeye, sifa anapewa baba ambaye hayupo. Ilimuuma, tena sana.

Mama yake mzazi, anayemletea chai kibandani, uzalendo ukamshinda. “Mwanangu, umejizaa mwenyewe? Mimi mume huyo simjui!”

Mwezi uliopita, akiwa na simu mpya, aliigeuza katikati ya kazi, ikamwonyesha uso. “Mzee ndiye mimi,” alisema.

Mia mbili wakaondoka papo hapo. Wengine wakamwita tapeli, mmoja akadai amekodiwa kuigiza. Waliobaki wakamtaka atoe kifuko cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini, na kukirudisha huku amefumba macho. Akafumba, akatoa, akarudisha. Mshonaji mmoja mkongwe akaandika: “Ni yeye. Tazameni kidole gumba kinavyosukuma.” Wenzake wakadakia, wabishi wakanywea.

Jina wamekataa libadilishwe, walipiga kura. “Nimekuwa mzee kwa kura nyingi,” anatania.

Sasa anaandaa darasa la Jumamosi kwa wanawake wanaotaka kujifunza ufundi huo, na kibao cha mlangoni chenye picha ya uso wake.

“Nataka mtu akiingia hapa asiniulize mwenye kazi yuko wapi,” anasema, akifuta mafuta viganjani. “Cherehani anikabidhi mimi, na asante yake anipe mimi.”