Magongo Manne Juu ya Meza

Timu ya mpira wa magongo ilikuwa imecheza mechi saba bila kufunga hata bao moja, na mechi ya kesho yake ndiyo ilikuwa ya mwisho: ishinde, au ishuke daraja. Ijumaa hiyo mchana kocha aliingia kwenye karakana iliyo nyuma ya uwanja na magongo manne kwapani, akayamwaga mezani.

"Shikamoo, Mzee Gundi. Nifungie haya tepu mpya."

"Marahaba. Umekuja kufungiwa tepu, au kuuliza nani atakufungia bao?"

Kocha akacheka kicheko cha mtu aliyekosa usingizi.

Mzee Gundi alikuwa ametengeneza magongo miaka arobaini, tangu enzi za mti mtupu, mchezaji alipolipaka gongo lake mafuta kwa mkono wake na kulilaza juu ya kabati lisipinde. Siku hizi ni plastiki ngumu, na wenyewe wanayatupa kwenye buti la gari kama kuni. Hilo lilimkera hadi kwenye mifupa. Lakini gongo, liwe la mti au la plastiki, lilikuwa bado halijajifunza kusema uongo.

Akavaa miwani. "Winga wako wa kulia huyu, rangi imebanduka upande mmoja tu. Mpira ukimjia kushoto, anaupungia mkono wa kwaheri. Na huyu wa kushoto anapigia kisigino cha gongo. Mashuti yake yote yanakwenda kuwatafuta kunguru."

"Na la tatu?"

La tatu lilikuwa la nahodha, mshambuliaji wa kati, binti wa kuzaa wa Mzee Gundi mwenyewe. Mzee aliligeuza mara mbili. Ncha yake iling'aa kama imetoka dukani jana. Mgongo ndio uliochubuka. Nahodha alikuwa akisimama wima, akiliburuta, akingoja mpira umfuate. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa misimu mitatu mfululizo.

"Kompyuta inasema ndiye anayekimbia kuliko wote," kocha alisema.

"Hata kuku aliyechinjwa anakimbia."

La nne lilikuwa la Sisimizi, msichana wa miaka kumi na saba ambaye msimu mzima hakuwa amecheza hata dakika kumi. Ncha ilikuwa imelika pande zote mbili kwa mazoezi, na tepu ya chini imechakaa hadi nyuzi. Mzee alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Huyu anainama! Ona, kulia na kushoto! Mlimficha wapi?"

"Bado mdogo, Mzee. Tunamwacha akue."

"Mchezaji si donge la unga, ulifunike liumuke lenyewe! Sisi tulikulia uwanjani, tukikanyagwa."

"Sasa nimtoe nani?"

Mzee alijua jibu, na alijua atakula nalo meza moja.

"Mwanangu."

Kesho yake nahodha alianza. Hadi mapumziko hakuna bao, na kocha akamwita nje. Sisimizi akaingia, mdogo kama jina lake, na uwanja ukabadilika sura. Akapokonya mpira, akapokonywa, akaupokonya tena. Mzee Gundi alikuwa ameukumbatia uzio, sauti imemkauka.

Zikabaki dakika tatu. Pasi mbovu ikaja chini, upande wa kushoto, ile ambayo wengine wangeiacha itoke. Sisimizi akainama hadi goti likagusa nyasi, akageuza gongo, puu! Kipa alipogeuka, mpira ulikuwa wavuni.

Jukwaa likalipuka. Katikati ya kelele nahodha aliondoka kwenye benchi, akaja moja kwa moja hadi kwenye uzio.

"Baba, ni wewe uliyenitoa."

"Ni mimi."

"Nyumbani tutaongea."

"Tutaongea mpaka asubuhi, mama. Lakini bado dakika mbili, na wale wanakuja!"

Nahodha aligeuka. Wapinzani walikuwa wameanzisha mpira na kuvuka katikati kwa kasi, na Sisimizi alikuwa amesimama akishangaa bao lake.

"Sisimizi!" nahodha akapaza sauti, akikimbia kandokando ya mstari. "Rudi nyuma! Inama, mdogo wangu, inama!"

Sisimizi akarudi, akainama, akauzuia. Mpira ulikuwa bado kwenye gongo lake filimbi ilipolia.