Mberoshi wa Baba

Tulitembea miezi mingi kutoka pwani hadi Kindu, na Feza, mtumwa wa baba, ndiye aliyebeba kichwani chungu chenye mche wa mberoshi. Maji yalipopungua njiani, mche ulinyweshwa kwanza. Mtoto mchanga wa Feza alimfia mgongoni kwa kiu. Juzi, nikiwa mtu mzima, nilinusa mberoshi uani kwa mtu, nikatapika.

Alasiri moja huko Kindu nilimkuta Feza akimimina kwenye chungu maji aliyolowekea samaki wa chumvi. Yalinuka uvundo na nzi walivuma.

"Unafanya nini, Feza?"

"Hii njo chakula yake, bwana mudogo. Nayo ikule, ishibe."

Nikamsaidia, siku ile na siku nyingi baadaye. Majani yalipogeuka kahawia, baba aliwaambia wageni, "Mti unapukutisha majani tu, utachipua." Nami niliamini. Sasa najua kwamba mberoshi ni kijani mwaka mzima, na ukibadilika rangi umekufa.

Siku tuliyoihama Kindu moja kwa moja, chunguni kilibaki kijiti kikavu kinachonuka samaki. Baba alikinyooshea kidole.

"Feza, beba."

Akajitwika, akatangulia mbele yetu, mgongo wake mtupu.