Sauti ya Silia na Kaka Yake wa Barazani

Meleane, msukaji mikeka wa Neiafu kisiwani, akishika jambo haachii, na siku ile alikuwa ameishika kompyuta. Mama yake, Silia, alikuwa anapelekwa mji mkuu, Nuku'alofa, kukatwa uvimbe wa koo. Daktari hakuzunguka: atapona, lakini sauti haitabaki. Meli ilikuwa inaondoka kesho. Na Meleane alikuwa ameapa kwamba kabla ya hiyo meli, mama atasimulia kwa sauti yake mwenyewe jinsi alivyokutana na marehemu baba, ili wajukuu wake wasikie.

Tatizo lilikuwa moja. Mama alisimulia vizuri tu, midomo ikicheza, lakini walipofungua walichorekodi wakasikia kitu kama mbu ndani ya chupa.

"Mjomba!" Meleane akaita. "Mashine yako imekufa!"

"Haijafa, umeishika vibaya," akajibu mjomba Kelepi kutoka barazani. Yeye ndiye fundi wa spika za kanisa, na kompyuta ilikuwa yake. Chumbani hakuingia. Kwa mila yao, kaka mtu mzima hakai chumba kimoja na dada yake, kwa hiyo aliegemea ukuta wa nje, chini ya dirisha, na kikombe chake cha chai, akitoa amri.

"Ongeza sauti."

"Nimeongeza mpaka mwisho!"

"Hiyo ni ya kusikilizia, we mtoto! Tafuta ya kurekodia."

Meleane akaitafuta, akaikuta katikati, akaisukuma juu kabisa. Wakajaribu tena. Mbu yuleyule.

"Kwaruza maiki kwa ukucha," mjomba akasema. "Ule mstari wa kijani kwenye skrini unacheza?"

"Umelala."

"Sasa kwaruza kompyuta yenyewe, karibu na vitufe."

Mstari ukaruka. Lo! Kumbe muda wote kompyuta ilikuwa inasikiliza kwa kijimaiki chake cha ndani, na ile maiki nzuri ya kanisani imekaa mbele ya mama kama pambo! Meleane akaichagua ile ya kanisani, akamwomba mama aimbe ubeti mmoja wa wimbo wa Jumapili. Sauti ikatoka nene, imejaa, mpaka kuku wa uani wakanyanyua shingo.

"Nilikwambia mimi!" mjomba akajisifu.

"Kunywa chai yako, mzee. Haya, Mama, hadithi ya Baba."

Mama akasimulia. Wakafungua. Mbu!

Meleane akakunja sketi, akakaa chini kwenye mkeka, akaivuta kompyuta mapajani. Angekuwa mtu mwingine angeifunga akalie pembeni. Yeye alisonya tu. Akachomoa waya, akauchomeka upya. Akamsogezea mama maiki mpaka ikakaribia kidevu. Akaongeza nguvu ya maiki, yakaja mavumo kama mvua juu ya bati, na mama bado yuko mbali huko nyuma.

"Wimbo unasikika, hadithi haisikiki," akasema kwa hasira. "Mashine gani hii inayochagua maneno? Mjomba, nipe spika kubwa."

Kelepi akaipitisha dirishani bila kunung'unika, maana kwao mpwa akimtuma mjomba, mjomba anakwenda, na Meleane alikuwa akiitumia haki hiyo bila haya tangu utotoni. Akaunganisha spika, akafungulia yote. Katikati ya mavumo sauti ya mama ikatokea, wazi kabisa:

"...akaruka dirisha, akanishika kiuno, nikamwambia zima taa..."

Nje kikombe kikavunjika. Meleane akachungulia: mjomba wake, na mvi zake zote, alikuwa keshavuka ua, mguu niponye, kandambili moja kaiacha barazani!

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga ya mabegani.

"Mama! Kumbe hadithi unainong'ona kwa sababu yake? Si ungesema aondoke!"

"Ningesemaje? Angeuliza kwa nini, na mimi nianze kumtajia kaka yangu mambo ya kiuno? Huna adabu wewe!"

Meleane alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Akajifuta, akafunga dirisha.

"Hayupo. Sema yote."

Silia akasema. Alisema kwa sauti ya msichana anayejua kapendwa, akacheka kwa nguvu, mstari ukapanda mpaka kwenye nyekundu, na Meleane, aliyeshinda kutwa akiongeza, ikabidi apunguze. Alipotaka kuzima, mama akamshika mkono.

"Ngoja. Na yule wa nje aachwe mikono mitupu?"

Akauimba wimbo wa Jumapili wote, kuanzia mwanzo.

Daktari alisema kweli. Silia alirudi Neiafu amepona, na bubu. Siku ya kwanza Kelepi alikuja barazani, akakaa palepale chini ya dirisha, asijue pa kuweka mikono yake.

Meleane akampa vifaa vya masikioni. "Hiki kipande cha wimbo ni chako, Mjomba. Cha kiuno nimekiweka mbali."

"Mshenzi wewe," akasema, akavivaa.

Ndani, Silia alikuwa anamenya viazi vikuu. Akaacha kumenya, akatega sikio dirishani.

"Sauti inatosha, Mjomba?" Meleane akauliza.

Ilikuwa inatosha kabisa. Kelepi akatikisa kichwa kukataa, akaongeza mpaka mwisho, wimbo ukavuja hadi dirishani.