Mtu Mnene Mwenye Nishani

Jumanne, tarehe 18 Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kuingia mifupani.

Leo, nikitafuta taulo la kumwogeshea papa Janek, mzee wa Kipolandi ninayemhudumia hapa Ulaya, mtaa wa Koekelberg, nilikuta kabatini magazeti ya vichekesho ya kwao. Moja nilikuwa nalijua. Ikabidi nikae.

Mume wangu Rajabu alikuwa nayo matatu, kwetu Buyenzi, Bujumbura. Aliachiwa na daktari Mpolandi. Hakuweza kusoma hata neno, ila alijifunza kuchora kwa kuiga zile picha, mpaka akawa anachorea gazeti dogo la mjini lililowacheka wakubwa wa pande zote mbili zilizokuwa zikihasimiana. Siku ya mwisho ya amani alikuwa barazani anachonga penseli, mimi nachambua mchele, Aisha wetu wa miezi minne amelala.

Kesho yake risasi zikaanza. Tuliposikia wanajeshi wanapekua nyumba kwa nyumba, nikachoma michoro yake yote kwenye jiko la makaa. Alitaka tuchome na magazeti.

“Acha hayo,” nikamwambia. “Kipolandi nani atakisoma?”

Wakaingia watatu.

Nisiwaonee: mmoja aliniamkia vizuri, akauzunguka mkeka wa kuswalia asiukanyage. Mwingine akafungua gazeti.

Mtu mnene. Kofia. Nishani kifua kizima.

“Huyu si komanda wetu?”

Rajabu akasema ni gazeti la Ulaya, la zamani. Yule akamtazama vidole. Vilikuwa na wino.

Wakaondoka naye. Hakurudi.

Labda wangemchukua hata bila picha ile, jina lake lilijulikana. Bon, sijui. Sikusoma sana, pengine napima vibaya.

Nikampelekea papa Janek gazeti, nikamuuliza huyu jenerali alikuwa nani.

“Jenerali gani, madame? Huyo ni bawabu wa hoteli.”

Akanieleza kwamba mchoraji alikuwa rafiki yake, na kwamba mkaguzi wa serikali ya kwao naye alishuku kuwa ni jenerali, akakataza lisichapwe. Rafiki yake akampeleka hotelini, akamwonyesha bawabu mwenyewe na vifungo vyake vya dhahabu. Mkaguzi akacheka, akapiga muhuri.

Nikamsimulia ya Rajabu.

“Nyinyi hamkuwa na bawabu wa kuwaonyesha,” akasema.

Jioni nyumbani nilimwambia Aisha, aliyekwisha kuwa mkubwa, kwa mara ya kwanza, ni nani aliyesema magazeti yaachwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipakulia. Tulikula maharage na ndizi.