Tana Aliyeambiwa Pistachio Zake Si za Hapa

Mke wangu Gaetana, ambaye kila mtu alimwita Tana, hakuwa mtu wa kuomba radhi. Kwa kosa lisilo lake hakuomba kabisa. Kwa kosa lake aliomba kwa kupika.

Alifariki Februari mwaka huu. Watu wananiambia nieleze alikuwa mtu wa namna gani. Sina maneno mengi. Nitasimulia jambo moja, la mwaka ule walipomwita mdanganyifu.

Alizaliwa hapa kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Etna, ambako volkano ilimwaga moto zamani na moto ukaganda ukawa jiwe jeusi. Mipistachio yetu inaota kwenye nyufa za jiwe hilo. Trekta haipiti. Tunavuna kwa mkono, mfuko shingoni, mguu ukitafuta pa kukanyaga. Mwaka mmoja tunavuna, mwaka wa pili tunayapukutisha matumba ili mti upumzike. Tana alivuna mara ya kwanza akiwa na miaka saba, mara ya mwisho sabini na tatu. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alivunjika mkono wa kulia, akamaliza msimu kwa wa kushoto, akiutukana kila mti kwa zamu.

Shamba lilikuwa lake, si langu. Mimi nilikuja kama fundi wa kuta za mawe. Baba yake aliniuliza kama naweza kupanda mwamba. Nikasema naweza. Tana alikuwa mlangoni.

"Kwa viatu hivyo?" akasema.

Nikavua viatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tukaoana mwaka uliofuata, mwaka wa mapumziko, maana mwaka wa mavuno hakuna aliyekuwa na nafasi ya harusi.

Sasa, wezi wa jina walikuwepo siku nyingi. Wananunua pistachio za ng'ambo, wanazishusha bandarini, wanaandika kwenye mfuko jina la mji wetu. Kwa macho ni vigumu kujua, hasa zikishasagwa. Ndipo chama cha wakulima kikaamua kupeleka kokwa za pistachio maabara. Nilivyoelezwa mimi ni hivi: kila jiwe lina alama yake ndani, mvua inaitoa, mti unainywa, kokwa inabaki nayo. Ukiipima unajua mti ulisimama juu ya nini. Mkutanoni Tana alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

"Wapime," alisema. "Mwongo aumbuke mchana."

Walichukua kokwa kutoka kwenye magunia ya kila shamba. Kwetu walichukua magunia matatu.

Mwezi wa kumi na moja Placido akaja. Placido ndiye mwenyekiti wa chama, na ni mtoto wa baba mdogo wa Tana, kwa hiyo kwetu haingii kwa kubisha hodi. Siku ile alibisha. Tana alikuwa anachambua mboga za porini mezani.

"Dada Tana, nina neno."

"Kama ni mchango wa sikukuu ya Mtakatifu Blasi, nimeshatoa."

"Si mchango." Akaweka karatasi mezani, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. "Kipimo kimerudi. Magunia mawili sawa. Moja kimesema si la hapa."

"Si la hapa, la wapi?"

"Hakisemi la wapi. Kinasema halikutoka kwenye jiwe la Mlima."

"Basi kipimo kimelewa."

"Kipimo hakinywi, dada."

"Basi aliyekishika amekunywa. Placido, wewe nimekuogesha. Unanijua. Umekuja nyumbani kwangu kuniambia nimenunua pistachio za watu nikazitia kwenye gunia langu?"

"Mimi sijasema. Karatasi ndiyo imesema."

"Karatasi haina miguu. Imeletwa na nani?"

Placido akanitazama mimi. "Shemeji, mwambie."

Nikamwambia Placido akae ale. Hakukaa.

Moyo wa Tana ulikuwa umeanza kuchoka, daktari alishamkataza kupandisha hasira. Alizipandisha. Kwenye duka la mikate mwanamke mmoja akamuuliza, kwa sauti ya kusikika, siku hizi mnanunulia wapi. Tana akajibu, "Kwa mama yako, anauza kwa kilo." Akarudi nyumbani na mkate, akaupasua kwa mikono, hakula. Miaka hamsini na zaidi niliishi naye, na ile ndiyo mara ya pili kumwona analia. Ya kwanza ni siku tuliyomzika mtoto wetu.

Asubuhi yake akamwendea Placido. "Aliyepima aje hapa. Aje aone. Na aje na viatu vya maana."

Alikuja mwezi wa kwanza. Msichana mwembamba, Dokta Ileana, na mikoba ya kutilia udongo. Viatu alikuwa navyo. Tana alimpandisha shamba zima bila kupumzika, yeye mwenyewe akihema, na kila mti akiutaja ulipandikizwa mwaka gani na nani. Msichana alichimba, akatia kwenye mkoba, akaandika. Placido na mimi tulifuata nyuma kama watu wa msibani.

Tukafika bondeni kwa chini, pale mwamba ulipobonyea kama bakuli kubwa. Kuna mipistachio thelathini na mmoja pale, minene kuliko mingine yote. Msichana akachimba. Udongo ukatoka wa manjano.

Akaushika. Akautazama mwamba mweusi kotekote, akautazama tena udongo.

"Mama, huu umetoka wapi?"

Nilimwona Tana anaelewa. Mimi nilikuwa bado. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema mvua imeuleta. Msichana asingeweza kumbishia, na Placido alikuwa ameshafungua mdomo kusema hivyohivyo.

"Mtoni," Tana akasema.

"Dada," Placido akasema.

"Nyamaza. Umetoka mtoni, kule chini. Hapa palikuwa na bakuli tupu la jiwe. Bibi yangu Rosaria alikuwa mjane na watoto wanne na jiwe tupu. Akabeba udongo kwa kapu. Punda hawezi kufika hapa, umeona njia. Alibeba miaka kumi na moja. Mama yangu alianza kubeba akiwa na miaka sita. Ndiyo alama uliyoikuta kwenye kokwa, binti. Ni mgongo wa Rosaria."

Msichana akakaa juu ya jiwe.

"Kipimo changu hakikukosea," akasema. "Na wewe hukudanganya."

"Andika hivyo."

"Nitaandika."

Na aliandika. Alitimiza. Nilidhani yameisha.

Lakini sheria ya chama ilikuwa imeshapitishwa, na haikusema kitu kuhusu Rosaria. Ilisema kokwa isiyo na alama ya jiwe la Mlima haipati jina la hapa. Basi. Placido akaja tena, safari hii hakubisha. Akafunga mlango, akapunguza sauti.

"Dada, nimefikiri. Za bondeni ni gunia moja kwa mengi. Changanya. Konzi moja ya zile kwenye kila gunia la za juu. Kipimo hakitaona kitu."

Tana alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Rudia."

"Changanya kidogo kidogo. Nani atajua?"

"Kwa hiyo nilipokuwa mkweli nilikuwa mwizi. Sasa niwe mwizi ili niwe mkweli."

"Unayageuza maneno."

"Sijageuza. Nimeyashika yalivyo. Placido, wale wa bandarini wanafanyaje? Si wanachanganya kidogo kidogo?"

"Basi za bondeni ziuze bila jina. Nyingine zote zibaki na jina. Hasara ndogo."

"Unaniambia nimkate bibi yangu kwenye shamba lake."

"Nakuambia uwe na akili!"

"Akili ninayo. Usingizi ndio nisingekuwa nao."

Mkutano ulifanyika ukumbini nyuma ya kanisa. Watu wengi walikuja, wengine kwa wema, wengine kutazama. Tana alivaa koti lake la msibani kwa sababu ndilo zuri. Hakutaka nimshike mkono kwenye ngazi. Hakuongea sana.

"Ninyi mnasema kokwa ya hapa ni ile iliyokunywa jiwe," alisema. "Mimi nasema ni ile ambayo mtu wa hapa ameifia. Andikeni kwenye sheria kwamba udongo uliobebwa na mikono ya hapa ni udongo wa hapa. Mkiandika, nabaki. Msipoandika, futeni jina langu, lote, la juu na la bondeni. Shamba langu halikatwi vipande."

Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kila mtu atakuja na hadithi ya bibi yake."

"Mlete bibi yako," Tana akamjibu. "Nioneshe alichobeba."

Wengine walicheka, wengine walipiga makofi. Kisha wakapiga kura. Alipata kumi na saba. Waliokataa walikuwa arobaini na mmoja. Mimi sikuwa mwanachama, sikupiga.

Placido alisoma matokeo akiangalia meza. Tana akasimama, akaenda mpaka kwenye kitabu cha wanachama, akaomba kalamu. Alilipiga jina lake mstari yeye mwenyewe. Mstari mmoja ulionyooka.

Njiani kurudi nilimuuliza kama anajuta.

"Miguu inauma," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Kumi na saba, Nunzio. Sikutegemea hata kumi."

Mavuno yale tuliyauza wenyewe, bila jina la mji. Kwenye kila mfuko aliandika kwa mkono wake: *Za Tana. Za juu, jiwe. Za bondeni, udongo wa mtoni uliobebwa na Rosaria.* Hakuchanganya. Walionunua ni wachache, na walirudi.

Februari hii moyo ulisimama. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi Placido alikuja na karatasi. Alikuwa amekonda. Alilia kwanza, kwa kweli, sitamsingizia. Kisha akasema chama kiko tayari kulirudisha shamba, sasa likiwa mikononi mwangu, kwa heshima ya marehemu. Niweke sahihi tu kwamba miti ya bondeni haihesabiki kuwa sehemu ya shamba.

"Ni maneno tu, shemeji. Hakuna atakayeikata."

Mimi naweza kuandika jina langu. Tana alinifundisha, na hilo ndilo ninaloliandika bila kusitasita. Niliitazama karatasi. Palikuwa na nafasi ya kutosha.

"Yeye angesemaje?" Placido akaniuliza.

"Yeye angekutukana. Mimi sina kipaji hicho."

Nikamrudishia karatasi yake ikiwa nyeupe pale chini pa sahihi.

Mwaka huu ni wa mavuno. Nimeanzia bondeni.