Zamu ya Maji

Kwa miaka kumi na tisa Namnyaki aliongoza sala za jumuiya yao pale Olmotonyi, na kwa miaka hiyo yote kulikuwa na sentensi moja ya Sala ya Bwana ambayo hakuitamka. Wenzake walipofika kwenye kuwasamehe waliowakosea, yeye alifunga mdomo, akameza mate, akawasubiri mbele, kwenye majaribu. Hakuna aliyegundua. Watu wanaosali kwa sauti moja hawasikii pengo la mtu mmoja.

Hakufanya hivyo kwa kiburi. Aliogopa kusema uongo kuliko alivyoogopa njaa. Kila alfajiri, kabla ya kukamua ng'ombe wake wawili, alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akafungua Biblia kwa mwanga wa simu, akasoma neno la siku kama lilivyopangwa kwenye kalenda ya kanisa. Kisha alinyamaza nalo. Alikwenda nalo shambani, akapalilia nalo maharage, na Alhamisi, siku ya jumuiya, ikifika, kama bado lilikuwa limemng'ang'ania, aliwaeleza wenzake. Walimpenda kwa sababu hakuhubiri. Alisema tu mahali lilipomchoma.

Mumewe hakuwepo. Efraimu alikuwa ameshuka Nduruma kulima vitunguu, kule tambarare ambako maji ya mfereji hugawiwa kwa zamu, na huko akaoa mke wa pili aitwaye Resiato. Kanisa likamtenga. Hakuruhusiwa tena kwenye meza ya Bwana. Majirani wote waliamini kwamba mwiba wa Namnyaki ni huyo mke wa pili. Walikosea wote.

Mwaka huu, mahindi yakiwa bado ya magotini, Efraimu alirudi. Alirudi kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, ameegemea bega la Resiato kama gunia lililopungua nusu. Ilikuwa saratani ya koo. Madaktari walikuwa wamesema apelekwe tu nyumbani.

Resiato alishuka, akasimama nje ya uzio wa miti.

"Shikamoo, mama Joyce."

"Marahaba. Huyo unaniletea mimi?"

"Ameomba mwenyewe. Anasema hataki kufia tambarare."

"Alipokuwa mzima alipapenda."

"Ni kweli," Resiato alisema, wala hakubisha. "Sasa nimshushe au tugeuze? Dereva ameshaanza kunung'unika."

Namnyaki alimtazama mwanamume yule kwenye bajaji. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba kama mkono wa mtoto.

"Mshushe. Na wewe shusha mzigo wako. Siwezi kumgeuza kitandani peke yangu."

Hivyo wake wawili wakamuuguza mume mmoja. Walimchemshia uji, wakauchuja kwa kitambaa, wakampa kijiko kwa kijiko, na nusu yake ikarudi. Siku moja aliomba loshoro, chakula cha utoto wake, mahindi yaliyoiva sana katika maziwa ya mgando. Namnyaki alipika, akijua hawezi kumeza hata punje. Aliweka bakuli karibu na pua yake. Efraimu alivuta harufu mpaka loshoro likapoa, na machozi yakamtoka, na Resiato akatoka nje.

Alichoogopa Efraimu si kufa. Aliogopa kuzikwa bila kanisa, bila kengele, bila mchungaji, kama mtu aliyeokotwa barabarani. Kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa pumzi tu, aliomba kurudi kundini.

Kwa kawaida anayerudi kundini husimama mbele ya ibada siku ya Jumapili na kukiri kosa lake. Mgonjwa asiyeweza kusimama hufuatwa kitandani. Mwinjilisti huja na wazee wa kanisa, na katika mtaa wao mke aliyekosewa huulizwa kama wamepatana. Akisema ndiyo, mgonjwa hupokewa saa ileile. Akisema hapana, jambo hurudi kwa mchungaji, na mchungaji ana mitaa mitano ya kuhudumia.

Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi. Jumatatu Joyce, binti yao mwenye saluni Daraja Mbili, alipiga simu.

"Mama, sema tu ndiyo. Neno moja."

"Nikisema na sivyo?"

"Mungu atakukamata kwa ndiyo moja? Wewe? Kuna watu wanaiba sadaka."

"Hao watajibu ya kwao."

"Mama, jamani! Baba anakufa."

"Namwona, Joyce. Mimi ndiye ninayemfulia."

Joyce hakujua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili wakati ule, miaka kumi na tisa iliyopita, na wakubwa hawakumwambia. Mdogo wake, Lekishon, alikuwa na miaka mitano alipopata homa iliyokaza shingo. Kwenye zahanati walisema apelekwe mjini upesi. Namnyaki alipiga simu Nduruma, kwa jirani mwenye simu, na ujumbe ukamfikia Efraimu saa sita mchana: mtoto amezidiwa, njoo na gari lolote. Efraimu hakuja. Namnyaki alisubiri mpaka jua lilipoinama, kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili na kushuka kwa miguu kuelekea barabara ya lami. Alihisi alipoacha kupumua. Aliendelea kutembea hata hivyo, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na miguu.

Efraimu alifika kesho yake, watu wakiwa wamekaa uwanjani. Namnyaki alimuuliza jambo moja tu: ulikuwa wapi? Naye akajibu kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

"Ilikuwa zamu yangu ya maji."

Kule tambarare zamu ikikupita, unangoja siku kumi, na vitunguu vichanga havingoji siku kumi. Mkulima yeyote angeelewa. Namnyaki mwenyewe alielewa. Ndiyo maana hakuweza kuisahau: ilikuwa sababu nzuri. Tangu siku hiyo Efraimu hakulitaja tena jina la mtoto yule.

Jumanne kalenda ilimpa Mathayo sura ya tano. Ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako. Aliwahi kuisoma aya hiyo mara nyingi akijiona ndiye anayekemewa. Asubuhi hiyo aliisoma polepole, kidole kikifuata herufi, akaona kwamba haimtumi aliyeumizwa. Inamtuma aliyeumiza. Huyo ndiye wa kumwacha mwanakondoo wake madhabahuni na kushika njia. Akainua macho. Mtu wa aya ile alikuwa amelala hatua nne kutoka kwake, hana miguu ya kwenda popote. Je, Bwana alipokuwa akisema haya mlimani, alimfikiria mtu wa namna hiyo? Na aliyekosewa asogee mpaka wapi, ili safari iendelee kuwa ya aliyekosa?

Alibeba kigoda, akakiweka kando ya kitanda. Aliona anaweza kumfupishia njia. Kuitembea kwa niaba yake hakuweza.

"Baba Joyce. Alhamisi wakikuuliza umekosa nini, utasemaje?"

"Nilioa... mke wa pili."

"Na kingine?"

Efraimu alitazama bati.

"Lekishon," Namnyaki alisema.

Efraimu alifumba macho. Baada ya muda aligeuza uso, taratibu sana kwa sababu ya maumivu, akauelekeza ukutani. Namnyaki alikaa pale mpaka ng'ombe walipoanza kulia kwa kutaka kukamuliwa.

Alhamisi alikuja Mwinjilisti Melkizedeki, joho lake limekunjwa kwenye mfuko, pamoja na wazee wa kanisa wawili. Mmoja alikuwa Magreth, rafiki wa Namnyaki tangu kipaimara. Mwinjilisti alitoa daftari na kalamu, akazipanga mezani.

"Mwinjilisti, kalamu hiyo iweke mbali kidogo," Magreth alisema. "Unamtisha mgonjwa. Umekaa kama askari wa barabarani."

Hata Efraimu alitoa pumzi iliyofanana na kicheko. Kisha waliimba ubeti mmoja, wakasali, na mwinjilisti akamgeukia Namnyaki.

"Mama Joyce, unaulizwa mbele za Mungu na mbele ya wazee hawa. Mumeo alioa mke mwingine wewe ukiwa hai. Umemsamehe?"

"Hilo nilishamsamehe siku nyingi. Resiato huyu tunapika naye chungu kimoja."

Mwinjilisti aliandika. "Bwana asifiwe. Basi mmepatana."

"Hapana."

Kalamu ikasimama. Namnyaki aliweka mikono magotini, akawaeleza. Aliwaeleza homa, simu, kanga mbili, barabara, zamu ya maji. Hakupandisha sauti. Aliwaambia pia kuhusu sentensi ya Sala ya Bwana. Alipofika hapo Magreth alijishika kifua, kwa sababu alikuwa amekaa karibu naye Alhamisi zote hizo.

Mwinjilisti alipekua karatasi zake. "Mama, pole sana. Lakini hilo silo alilotengwa nalo. Halimo kwenye barua."

"Najua halimo. Hakuna aliyeniuliza."

"Dada, nakuomba," Resiato alisema kutoka mlangoni. "Neno moja tu, apumzike."

"Ningekuwa nalo ningekupa, mdogo wangu."

Mwinjilisti alijaribu kwa upole, naye alikuwa mtu mpole. "Mama, unamkumbuka yule mwenye kupooza aliyeshushwa kwa kutobolewa paa? Alibebwa na watu wanne. Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Si ya mgonjwa, yao. Wewe ni mmoja wa hao wanne. Mbebe mumeo."

Namnyaki alifikiri. Aliipenda habari ile, na alikuwa ameifikiria zamani.

"Ninambeba, mwinjilisti. Ninamgeuza mara nne kwa siku. Pengine hata mmoja wa wale wanne alikuwa amekosewa na yule mgonjwa, na alishika kona yake ya godoro hivyo hivyo, na Yesu hakumuuliza. Lakini wewe hukuniuliza kama ninambeba. Umeniuliza kama nimemsamehe, na umesema ni mbele za Mungu."

Kuku mmoja aliingia, akatoka.

"Andika hivi," Namnyaki alisema. "La mke, amesamehewa. La mtoto, bado. Na mimi mkewe naomba kanisa limpokee hata hivyo."

"Haiandikwi hivyo, mama."

"Basi mpelekee mchungaji kwa mdomo."

Wakaondoka bila kuvaa joho. Efraimu alikuwa amesikia yote. Alilala na macho wazi, na mtu asingeweza kusema kama uso ule ulikuwa na hasira au na kitu kingine, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshakula sehemu ambazo watu huonyeshea mambo hayo.

Ijumaa mchana, Namnyaki akimpangusa mgongo, alisikia pumzi ikijikusanya. Akainamisha sikio.

"Vitunguu vile," Efraimu alisema. "Vilioza... vyote. Mwaka ule."

Namnyaki alisubiri. Alisubiri kitambaa kikapoa mkononi. Hakuna kilichofuata. Alikichovya tena katika maji ya moto, akakikamua, akaendelea na mgongo mpaka kiunoni, kisha miguu. Jioni hiyo, aliposali peke yake, alimwambia Mungu kwamba hajui kama kile kilikuwa kutubu au ni habari tu, na kwamba kama kilikuwa kutubu, yeye ni mzito, apewe siku chache.

Hakupewa. Efraimu alikufa Jumamosi saa nne asubuhi, Resiato akiwa jikoni anachuja uji.

Jumapili baada ya ibada mwinjilisti alikuja. Alisimama uwanjani, mikono nyuma.

"Mchungaji alikubali, mama. Alisema amelielewa neno lako. Alikuwa aje leo hii, na mkate na kikombe."

"Na sasa?"

"Sasa hakupokewa. Utaratibu... Mimi nitakuja kesho, lakini nitakuja kama jirani."

Joyce alisikia. Alikuwa ameketi na wanawake, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, akainuka.

"Siku tatu, mama. Alhamisi ungesema ndiyo angekuwa wa kanisa. Ulimnyima siku tatu."

"Ndiyo," Namnyaki alisema.

"Ndiyo! Leo ndiyo unayo?"

Magreth alimshika Joyce mkono akamkalisha. Namnyaki hakujitetea. Kuna watu waliotaka aseme kitu, ili waweze kumkasirikia vizuri au kumhurumia vizuri, lakini aliingia ndani kutafuta shuka safi.

Jumatatu walimzika shambani, kati ya migomba. Kengele ya mtaa haikulia. Wanaume walishusha jeneza, wakashika majembe, wakabaki wanatazamana, maana hakuna aliyejua nani aanze. Mwinjilisti, ndani ya koti lake la kawaida, alimnong'oneza Namnyaki.

"Mama, wewe ndiye mwenye mafungu hapa. Utusomee lolote."

Namnyaki alikuwa na Biblia mkononi. Alipekua kichwani mwake miaka kumi na tisa ya alfajiri, hakupata fungu hata moja ambalo angeweza kulisoma bila kulionea haya. Akamnyooshea Resiato kitabu.

"Soma wewe. Fungua popote."

Resiato hakuwa msomaji. Alifungua, na Biblia ikamwangukia kwenye Hesabu, mahali wanapoorodheshwa wana wa Lawi na jamaa zao. Alisoma hivyo hivyo, kwa kukwama: wana wa Gershoni, na wa Kohathi, na wa Merari, na idadi yao, na upande wa hema watakaopiga kambi. Kaka wa Efraimu alikohoa ili akatizwe. Magreth akamkazia macho. Resiato alisoma majina ya watu wasiojulikana na mtu yeyote pale, huku machozi yakidondokea karatasi nyembamba, mpaka akafika mwisho wa ukurasa. Akainua uso, akamtazama Namnyaki kuuliza kama inatosha.

Namnyaki akatikisa kichwa. Haijatosha.

Resiato akafunua ukurasa, na wanaume wakaegemea majembe yao.